Mtoto kaandikwa mtoro siku 14, na mimi nilituma taarifa. Jumatatu naitwa kwa mtendaji

Boda wa Isyonje (Jumamosi jioni)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanichoma, na Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mwenye kujua anisaidie kabla ya hapo.

Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kiko Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Nalea mtoto wa dada yangu, wa kiume, miaka 11, darasa la tano. Dada yuko Tunduma kwenye biashara, anakuja akipata nafasi. Shuleni wakiniita wananiita "baba", nami naitika, yaishe.

Likizo ya Juni mtoto alikwenda Kyela kwa bibi yake, akarudi na malaria. Huku kwetu kwa baridi hii ya Julai mbu unamsikia kwenye hadithi tu, lakini kule chini kando ya ziwa hawana utani. Nikampeleka zahanati, akapimwa, akapewa dawa. Alilala chini ya mablanketi matatu na bado anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi yake nikamtuma mtoto wa jirani, wa darasa la pili: "Kamwambie mwalimu wa darasa la tano kwamba mwenzenu anaumwa, mjomba wake ndiye kasema." Akaitikia, akaondoka na fagio lake begani. Mimi nikajua hilo limekwisha.

Jana Ijumaa mgambo kanifuata kijiweni, abiria keshapanda, akaninyooshea barua. Mtoto ana siku 14 za utoro, nifike ofisini na faini ya shilingi elfu hamsini. Abiria akashuka kimya kimya, akapanda pikipiki ya mwenzangu.

Sasa nauliza. Taarifa nimetuma, ikapotea huko huko shuleni, kosa langu liko wapi? Siku za ugonjwa zinageukaje kuwa utoro? Hiyo elfu hamsini imetoka wapi? Na mimi si baba yake mzazi, ni mjomba tu. Sheria inanishika mimi au dada?

Chaki Nyeupe

Pole na mgonjwa, ndugu yangu. Mimi ni mwalimu wa darasa, shule ya msingi, mkoa huu huu ila si wilaya yako, kwa hiyo usinitafute.

Nianze na la mwisho. Sheria inakushika wewe. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu, Sura 353, kinataka mtoto akifikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi, na mzigo huo kimemtwisha mzazi. Mzazi kwenye sheria hiyo ni pamoja na mlezi anayekaa na mtoto. Kuna na kanuni za mwaka 2002 za uandikishaji na mahudhurio ya lazima, zimekazia hapo hapo. Dada akiwa Tunduma na mtoto anakula ugali kwako, mwalimu anakujua wewe.

Sasa rejista. Mimi nina watoto 94 kwenye chumba kimoja. Naita majina asubuhi, asiyeitika namwekea alama ya kutokuwepo. Nikiwa na taarifa mkononi naandika mgonjwa au ruhusa. Nikiwa sina, ni utoro, kwa sababu sina jina lingine la kuupa. Mwisho wa wiki najumlisha. Mwalimu mkuu anataka idadi, afisa elimu kata anataka idadi, na tangu tupewe vishikwambi vile vya sensa ya 2022 idadi inafika mbali kabla hata hujamaliza chai. Siku ya kumi mzazi anakuja kuniambia "aliumwa", mimi nimeshajumlisha mara mbili.

Kuhusu mjumbe wako wa darasa la pili, samahani, nimecheka. Mwaka jana nililetewa habari kwamba mwanafunzi wangu hayupo kwa sababu "kwao ng'ombe kazaa". Wiki nzima nikamwandika mtoro na hasira juu, mzazi gani anamzuia mtoto kwa ajili ya ng'ombe? Kumbe aliyezaa ni mama yake, na binti ndiye alikuwa anamchemshia maji. Ng'ombe sijui aliingia wapi. Mjumbe wako naye pengine alimkuta mwalimu wa zamu anasimamia mchakamchaka, akasema maneno mawili, vumbi likayachukua.

Lakini kuna hesabu moja sijaielewa, na Jumatatu utaulizwa hiyo hiyo. Dawa mseto ya malaria ni ya siku tatu, asubuhi na jioni. Siku 14 za shule ni karibu wiki tatu. Kadi ya zahanati inasema siku ngapi? Nihesabie siku kwa siku, tangu shule ilipofunguliwa.

Mzee wa Kamati

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule miaka sita, upande wa Mbalizi, nimekaa vikao vya utoro mpaka nimechoka. Nitasema la hela tu, mengine mwalimu kasema.

Usipeleke elfu hamsini mfukoni. Ukifika, salimia, kaa, kisha uliza kwa adabu: faini hii ni ya sheria ipi? Kama ni sheria ndogo ya kijiji, basi iwe imepitishwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na kiwango kimeandikwa humo. Waambie wakuoneshe ukurasa. Kama ni Sheria ya Elimu yenyewe, hiyo ina mahakama yake, na mtendaji si hakimu. Ikithibitika ni halali, lipa, lakini kwa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi uondoke nayo. Hela inayoingia kwenye droo bila karatasi hiyo ni ya droo.

Ila usiende na ubabe. Nimeona wazazi wenye haki zao wanakwenda wanapiga meza, wanatoka na kesi mbili. Mtendaji naye anabanwa na wa juu yake. Kikao cha kata anasomewa majina ya watoro wa kijiji chake mbele ya wenzake. Hicho kitu kinauma, sikudanganyi.

Na usiwe mtu wa kusema "ni malaria" kama kuna kingine. Kwenye kamati tulikuwa tunajua. Mwezi wa viazi malaria zinakuwa nyingi mpaka unashangaa zahanati iko tupu.

Soweto Hapahapa

Mjomba alikuwa na viazi huyu. Julai, Isyonje, mtoto wa miaka 11 mwenye mgongo mzima. Mnamzunguka wa nini?

Boda wa Isyonje (Jumapili asubuhi)

Soweto, nimekaa na simu hii tangu jana usiku. Nilikuandikia jibu kali, nikalifuta. Nimechukua kalenda ya ukutani na kadi ya zahanati, nimehesabu kama mwalimu alivyosema. Haya.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano mtoto alikuwa bado Kyela. Bibi yake alikuwa anaanika mpunga, akasema mwacheni anisaidie kufukuza kuku, wiki ya kwanza walimu hawafundishi. Siku 3 hizo. Jumatano usiku akafika, homa imempanda ndani ya gari. Alhamisi zahanati, kadi ina tarehe hiyo. Alhamisi, Ijumaa, kisha wiki ya pili Jumatatu mpaka Jumatano bado miguu haina nguvu, anakula uji tu. Siku 5. Alhamisi na Ijumaa alikuwa mzima, nilimkuta anacheza mpira na wenzake walipotoka shule, nikasema apumzike mpaka Jumatatu, baridi kali. Siku 2. Wiki ya tatu Jumatatu mpaka Alhamisi, siku 4, tulikuwa shambani.

3, 5, 2, 4. Ndiyo 14. Mwalimu wake hakukosea hata moja.

Nieleze na hizo nne, kwa sababu hazikuwa kama Soweto anavyofikiri, japo hazikuwa mbali. Viazi nimepanda robo tatu ya ekari. Mnunuzi alikuwa anapita na Fuso Ijumaa, ukikosa hiyo unasubiri mpaka bei ianguke, na hapo bado anakupimia lumbesa, gunia lina kichwa kama limevaa kilemba. Vibarua nilikuwa sina hela ya kuwalipa. Jumatatu alfajiri nikamwambia mtoto avae sare. Akasema: "Mjomba, leo hatuendi. Walimu wana kikao." Jumanne akasema bado kikao. Wakuu, mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, najua hakuna kikao cha siku nne. Lakini magunia yalikuwa yananisubiri, nikaona heri niamini.

Jana usiku nikamuuliza vizuri, bila fimbo. Kumbe wiki ya pili mwalimu wake alimpa ujumbe yule yule mtoto wa jirani: "Mwambie aje na mzazi." Ujumbe huo ulifika sawasawa, ila uliishia kwake. Akaogopa, akaumeza. Wa kwangu wa malaria ukapotea, wa mwalimu ukazimwa, na wote wawili tulipita kwa mtoto wa miaka minane mwenye fagio.

Sasa nauliza upya. Zile 5 za ugonjwa nitazitoaje kwenye utoro? Hizi 9 nyingine nazisemaje? Na mwalimu, usinichukie kwa hili: kwa nini siku ya tatu hamkunipigia simu? Namba yangu wanayo tangu alipoandikishwa.

Chaki Nyeupe

Sikuchukii. Ni swali ambalo wazazi wananiuliza, na jibu langu linanitia aibu kidogo. Vocha ni ya mfukoni mwangu. Kwa siku ya kawaida ya Julai nina watoto 10 au 15 hawapo. Nikipiga 15, watano namba haipatikani, watatu anapokea mtu mwingine yuko Makambako anasema laini aliinunua, na wanaobaki wananiambia "anakuja kesho mwalimu". Kwa hiyo na sisi tunatuma watoto. "Mwambie aje na mzazi" ni maneno mabaya kuliko tunavyoyachukulia. Mtoto aliyekuwa anaumwa kweli akisikia hivyo anajua kuna fimbo, anakaa nyumbani siku ya sita, na siku ya sita si ugonjwa tena. Nimewapoteza wawili hivyo, mmoja mpaka siku tisini zikatimia. Mtoto akikosa siku 90 mfululizo bila taarifa shule inamhesabu ameacha, na kumrudisha hapo ni safari.

Zile 5, peleka kadi. Si kwa mtendaji kwanza, kwa mwalimu wa darasa, saa moja na nusu kabla ya kengele, kisha ndiyo uende ofisini. Andika barua. Mwalimu hafuti rejista kwa kalamu nyeupe, haruhusiwi kuifanya rejista kuwa ubao, lakini anaweza kuweka barua kwenye faili la mtoto na kuandika maelezo kwamba siku hizo alikuwa mgonjwa, mwalimu mkuu akasaini. Mtendaji akiona saini hiyo kesi yako inapungua.

Zile 3 za Kyela ulipaswa kuomba ruhusa kabla, na ungepewa siku moja labda, mpunga si sababu. Zile 2 za baridi, hapana. Zile 4 ni zako, wala usizipambe.

Mama Wawili, Mafinga

Kamwene. Mjomba mtu, nimesoma mpaka machozi yamenilenga, maana huyo mtoto aliyemeza ujumbe nimemzaa.

Wangu alikosa siku mbili kwa jino. Jino kweli, shavu limevimba. Sikutoa taarifa, nilisema ni siku mbili tu. Siku ya tatu akaamka mapema, akavaa sare, nikamfungia maandazi kwenye mfuko, akatoka. Ya nne hivyo hivyo. Siku ya nane nakutana na mwalimu wake sokoni ananiuliza, "Mama, jino bado?" Alikuwa anashinda kwenye kiwanda cha mbao, anapanga vipande vya kuni, sare ameigeuza ndani nje isichafuke. Nilipomuuliza kwa nini, akasema aliogopa kurudi bila barua, mwenzake alichapwa.

Nikaenda shuleni kwa moto. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, akanisikiliza, akatoa kitabu cha adhabu akanionesha. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe. Jina la huyo mwenzake halikuwemo. Sijui kama alichapwa kweli au ni hadithi za watoto, na aliyechapa bila kuandika hawezi kujiandika. Lakini mwanangu aliamini, na hiyo ilitosha kumpeleka kwenye mbao siku sita.

Tulichofanya baada ya hapo ni kitu kidogo sana. Nilinunua daftari la kurasa 32, jina lake juu, linakaa kwenye begi lake. Akikosa siku, naandika mstari mmoja: tarehe, sababu, saini yangu, namba ya simu. Akirudi anampa mwalimu kabla ya kukaa, mwalimu anatia saini chini. Siku ya kwanza alilishika kama kitambulisho cha kupigia kura. Hajakosa bila mstari tangu hapo, na tena simu ya mwalimu ninayo, namtumia na ujumbe wa maandishi asubuhi hiyo hiyo. Hajibu, ila ukiulizwa ujumbe upo, na saa yake ipo.

Na mtoto wa jirani mwacheni, ana kazi ya kufagia.

Mzee wa Kamati

Mama wa Mafinga kamaliza. Niongeze dogo: bodaboda, kama shule yenu inadai debe la mahindi la chakula na hujatoa, usije ukamficha mtoto kwa sababu hiyo. Nimewaona wengi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 hakuna mwenye ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa mchango, na mzazi anayejificha anajiandikia utoro mwenyewe kwa kitu ambacho hakikuwa kosa.

Boda wa Isyonje (Jumapili usiku)

Mahindi nilitoa, mzee, asante. Dada wa Mafinga, ndaga fijo. Daftari nimenunua. Barua nimeandika hivi, mwalimu nisahihishie:

"Kwa mwalimu wa darasa la tano. Mimi ni mjomba na mlezi wa mtoto huyu. Shule ilipofunguliwa alikuwa Kyela siku tatu, sikuomba ruhusa. Aliporudi aliumwa malaria, siku tano, kadi ya zahanati nimeambatanisha. Siku mbili baada ya hapo alikuwa mzima, mimi ndiye niliyemwambia apumzike. Siku nne zilizofuata alikuwa shambani kwangu, nilijua ni siku za shule. Taarifa nilimtuma mtoto, sikufuatilia. Naomba siku tano ziandikwe za ugonjwa. Nyingine ni kosa langu, si la mtoto, naomba asiadhibiwe. Simu yangu ni ile ile mliyonayo."

Chaki Nyeupe

Hakuna tarehe. Hakuna jina la mtoto. Saini yako iko wapi? Kingine usiguse.

Soweto Hapahapa

Na viazi vikoje?

Boda wa Isyonje (Jumatatu mchana)

Nimetoka huko. Mwalimu wa darasa alikuwa dada mdogo kuliko nilivyomfikiria, amekohoa muda wote, baridi imemshika. Alisoma barua mara mbili, akaipeleka kwa mwalimu mkuu, ikarudi na mhuri. Tano zimeandikwa ugonjwa. Tisa zimebaki. Mtoto hakuguswa, aliambiwa akae dawati la mbele mpaka mwisho wa mwezi.

Ofisini niliuliza habari ya sheria ndogo kwa adabu, kama mzee alivyosema. Wakatafuta kabatini, wakasema kitabu kiko wilayani. Faini ikaahirishwa mpaka kitabu kirudi. Nimesaini karatasi kwamba mtoto akikosa tena siku tatu bila maandishi napelekwa mbele. Nimesaini kwa hiari, nakala ninayo.

Dada nimempigia Tunduma nikamweleza yote, hata kikao cha walimu cha siku nne. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema anakuja Jumamosi, na tusimwambie mtoto.

Viazi, Soweto, yamebaki magunia manne ardhini. Fuso ilishapita. Nimepata vibarua wawili wa kesho, watu wazima.